Njaa Iliyokosa Jina

Mimi ni mwalimu wa isimu. Huwauliza wanafunzi wangu tumwiteje mtu anayekataa chakula kilicho tele mbele yake. Aghalabu hunijibu kwamba huyo anaringa, au amedekezwa. Maisha ya Karen Carpenter ndiyo yaliyonifunza kuwa jina baya ni kikwazo cha tiba.

Karen alizaliwa mwaka 1950 mjini New Haven, Marekani. Mwaka 1963 familia yake ilihamia Downey, California. Alikuwa mpiga ngoma hodari kabla ya kusifika kwa sauti yake nzito na tulivu. Yeye na kaka yake, Richard, waliunda kikundi cha Carpenters, na kuanzia mwaka 1970 nyimbo zao zikavuma duniani.

Umaarufu huo uliambatana na hofu ya unene. Karen alijinyima chakula hata mwaka 1975 akadhoofika mno, na ziara yao ya Uingereza ikafutiliwa mbali. Hapo maradhi ya mmoja yakawa mzigo wa jamaa wote. Waliompenda walimsihi ale, naye akazidi kuficha. Mlo, ambao kwa kawaida huwaunganisha watu, ukawa chanzo cha mvutano. Richard naye alikuwa mtumwa wa vidonge vya usingizi, akatibiwa mwaka 1979. Karen aliolewa mwaka 1980. Mwaka uliofuata wakatengana.

Mwaka 1982 alitafuta tiba New York, akalazwa hospitalini. Alirejea nyumbani akiwa ameongeza uzito, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuchoka. Tarehe 4 Februari 1983 alianguka nyumbani kwa wazazi wake, na mamake ndiye aliyemkuta. Alifariki siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 32.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akikonda huku akikwepa meza ya chakula, tusimhoji mbele ya wenzake wala tusimtanie. Tumwite faragha, tumsikilize, kisha tushirikiane na wazazi kumfikisha kwa daktari. Nanyi wanafunzi, msiifiche siri ya rafiki inayoweza kumwua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Naam, lakini tujiulize pia: ni nani atakayeyafichua maradhi ambayo sisi tumekwisha kuyaita maringo?