Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi aliyeiundia dunia mota ya fezi tatu

MAJI yanayovutwa Baricho, kando ya Mto Sabaki, na kusukumwa hadi Malindi, Kilifi na Mombasa hutegemea mota za umeme wa fezi tatu. Nguvu hiyo hiyo huzungusha mashine nyingi za kusaga mahindi Pwani. Aliyeiunda mota hiyo katika umbo linalotumika hadi leo ni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky. Wahandisi wanamjua vyema, ingawa sifa nyingi za uvumbuzi huo humwendea Nikola Tesla.

Dobrovolsky alizaliwa Januari 2, 1862 mjini Gatchina, karibu na St Petersburg nchini Urusi, akakulia Odessa. Mnamo 1878 alijiunga na chuo cha ufundi cha Riga. Mfalme Alexander II alipouawa mwaka wa 1881, serikali iliwaandama wanafunzi walioshukiwa kuwa wapinzani, naye akatimuliwa. Alihamia Darmstadt, Ujerumani, akasomea umeme chini ya Profesa Erasmus Kittler. Kufikia 1887 alikuwa ameajiriwa na kampuni ya AEG jijini Berlin.

Mwaka uliofuata, msomi wa Italia Galileo Ferraris alichapisha utafiti kuhusu nguvu ya sumaku inayozunguka, lakini akahitimisha kwamba mota ya aina hiyo ingepoteza nusu ya nishati na haingefaa kazi za viwandani. Tesla naye alikuwa amepata hataza Marekani mwaka huo huo, akitumia zaidi mikondo miwili. Dobrovolsky aliona kasoro katika hesabu za Ferraris. Alitumia mikondo mitatu inayofuatana kwa nafasi sawa. Kwa kuwa jumla ya mikondo hiyo ni sufuri kila wakati, nyaya tatu zinatosha mahali ambapo mtu angedhani sita zinahitajika. Machi 1889 alipata hataza ya rota yenye vyuma vilivyopangwa kama tundu la ndege, isiyohitaji kuunganishwa na waya wowote. Ni kwa sababu hiyo mota hizi hudumu miaka mingi zikifanya kazi penye vumbi na chumvi.

Miunganisho ya nyota na pembetatu, ambayo kila fundi hukutana nayo anapofungua kisanduku cha mota, inahusishwa naye pia. Ndani mna ncha sita, yaani mbili kwa kila koili. Vibati vikiunganisha ncha tatu za upande mmoja pamoja, hiyo ni nyota. Mwisho wa kila koili ukiungana na mwanzo wa nyingine, hiyo ni pembetatu. Umeme wa Kenya una volti 415 baina ya fezi mbili. Mota yenye kibati kilichoandikwa 240/415 hufungwa kwa nyota. Iliyoandikwa 415/690 hufungwa kwa pembetatu. Anayeifunga ile ya kwanza kwa pembetatu huibebesha kila koili volti 415 badala ya 240, na shaba huungua upesi. Anayeifunga ya pili kwa nyota huipunguzia nguvu hadi thuluthi moja, nayo hulemewa na mzigo na kupata joto.

Pampu nayo ikizunguka kinyume huleta maji kidogo tu, na wengi hudhani kisima kimekauka. Tiba ni kuzima umeme, kuhakikisha kwamba hakuna mkondo, kisha kubadilishana nafasi za nyaya mbili zozote kati ya tatu. Fezi moja ikipotea, mota hunguruma na kuungua pasipo kifaa cha kinga kilichopimwa kulingana na mkondo ulioandikwa kwenye kibati.

Mtihani mkubwa wa Dobrovolsky ulifika Agosti 1891. Akishirikiana na Charles Brown wa kampuni ya Oerlikon ya Uswisi, alisafirisha umeme wa fezi tatu kutoka kiwanda cha saruji cha Lauffen hadi maonyesho ya Frankfurt, umbali wa kilomita 175, ambao unaupita ule wa Mombasa hadi Malindi. Wakosoaji walitarajia nishati nyingi ipotelee njiani. Takriban robo tatu ilifika. Iliwasha taa 1,000 na kuendesha mota ya nguvu za farasi 100 iliyosukuma maji juu ya maporomoko ya kutengenezwa. Umma uliona kwa macho yake kwamba umeme wa mbali unaweza kupandisha maji, jambo ambalo wakazi wa Malindi hulikumbuka kila stima inapopotea.

Baada ya miaka kadhaa Uswisi alirejea AEG. Mwishoni mwa maisha yake, mtetezi huyo mkuu wa fezi tatu alieleza wazi mipaka ya mfumo wake, akisema masafa marefu mno yangehitaji mkondo wa moja kwa moja wa volti nyingi. Laini inayoleta umeme wa Ethiopia hadi Suswa, iliyoanza kazi 2022 ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, ni ya mkondo huo.

Dobrovolsky alifariki Heidelberg Novemba 15, 1919, akiwa na umri wa miaka 57, na kuzikwa Darmstadt.