James Jamerson: besi iliyosikika dunia nzima, mpigaji asiyejulikana jina

Kila Jumapili usiku tukipiga nyimbo za zamani, lazima uingie ujumbe wenye swali lile lile. Mbona wimbo huu wa miaka ya sitini besi yake inasikika vizuri hata kwenye kitochi, na nyimbo za siku hizi zenye besi nzito zikipita kwenye simu hiyo hiyo tunasikia mkwaruzo tu?

Swali ni zuri, na jibu lake lina mtu ndani yake. Mtu huyo ni James Jamerson, mpiga gitaa la besi wa Marekani, aliyefariki mwaka 1983. Kama umewahi kusikia "My Girl" ya The Temptations, zile noti chache za besi zinazofungua wimbo ni zake. Alipiga katika nyimbo za Stevie Wonder, Marvin Gaye, The Supremes na Four Tops. Watu waliocheza muziki kwa vidole vyake ni mamilioni, lakini kwa zaidi ya miaka kumi karibu wote hawakujua kama kuna mtu anaitwa hivyo.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, pwani ya jimbo la South Carolina. Ni shamba kabisa, mahali pa wakulima na wavuvi, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Husimuliwa kwamba akiwa mtoto alichukua fimbo ndefu, akaifunga mpira wa kunyumbuka, akaichomeka kwenye kichuguu na kuupiga ule mpira ili siafu wacheze. Nani kati yetu hakuwahi kutengeneza gitaa la kopo na waya wa breki za baiskeli?

Mwaka 1954 alikwenda Detroit, kaskazini, mama yake alikokuwa ametangulia kutafuta kazi kama walivyofanya weusi wengi wa kusini wakati huo. Shuleni ndipo alipokutana na besi kubwa ya mbao, ile inayosimamishwa sakafuni na kumzidi mtu kimo. Akaikamata haswa. Alikuwa bado kijana mdogo alipoanza kupiga jazi kwenye klabu za usiku.

Mwaka 1959 mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari, Berry Gordy, alianzisha kampuni ya kurekodi muziki ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Motown. Alinunua nyumba ya kawaida kabisa ya kuishi, na chumba cha nyuma akakifanya studio. Wanamuziki walikiita shimo la nyoka, kwa jinsi nyaya zilivyotapakaa humo. Jamerson akawa mmoja wa kikosi cha wapigaji wa kudumu wa studio, waliojiita Funk Brothers. Waimbaji walikuja na kuondoka, lakini kikosi nyuma yao kilikuwa kile kile.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini alihamia kwenye gitaa la besi la umeme, Fender Precision. Lile lililomletea sifa lilitengenezwa mwaka 1962, na wenzake walilijua kwa jina la Funk Machine. Sasa tukae hapa kidogo, maana jibu la swali lenu liko kwenye gitaa hili na kwenye mashine zilizokuwa mbele yake.

Wapiga besi wa leo wengi huweka pedali ya ikwalaiza miguuni. Ni kasha dogo lenye vitelezi. Kitufe cha kawaida cha sauti hupandisha kila kitu kwa pamoja, lakini ikwalaiza huchagua: ile sauti nzito ya chini kabisa iongezwe, ile ya katikati iachwe, ile nyembamba ya juu ipunguzwe. Fikiria mama anayepepeta mchele. Haongezi kitu kwenye ungo, anatenganisha tu, chuya huku na mchele huku. Boss wana pedali ya besi iitwayo GEB-7 yenye vitelezi saba vya namna hiyo na kimoja cha ukubwa wa sauti. Kila kimoja kati ya vile saba kina namba yake, kuanzia 50 hadi 10,000. Namba hiyo ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde.

Jamerson hakuwa na pedali. Mengi ya yale ambayo pedali hufanya, yeye aliyafanya kabla umeme haujatoka kwenye gitaa. Alitumia kamba nene zilizosokotwa laini, zisizo na mikwaruzo, na hakuzibadilisha mpaka ikatike moja. Aliamini kwamba uchafu na jasho lililoshika kwenye kamba ndivyo vinavyoleta ladha. Kamba mpya hulia kama kengele, kamba iliyozeeka hutoa sauti iliyokomaa na yenye kufunika. Chini ya kifuniko cha chuma pale kamba zinapoishia aliacha kipande cha sponji kilichotoka nalo kiwandani, na sponji hilo lilifanya kila noti ipigwe, isikike, kisha inyamaze haraka kuipisha inayofuata. Vitufe vya gitaa alivifungua mpaka mwisho na kuviacha hapo. Kisha akapiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kulia. Wenzake wakakipa jina: ndoano. Ukisikiliza mwendo wa besi katika "Bernadette" ya mwaka 1967, ni vigumu kuamini kwamba kidole ni kimoja.

Upande wa pili wa ukuta walikuwepo mafundi mitambo, na sisi wa redio tusipowataja hao hatutendi haki. Motown haikutegemea maikrofoni mbele ya spika ya besi. Waya wa gitaa uliingia moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Hapo ndipo mafundi walipofanya kazi ya ikwalaiza. Walijijengea mashine yao wenyewe, yenye sehemu saba za kuongeza na kupunguza sauti, kuanzia 50 hadi 12,500. Saba, kama ile pedali tuliyoitaja, ingawa namba hazilingani zote.

Kilichowasumbua mafundi hawa ndicho kinachowasumbua ninyi wenye kitochi. Detroit ni jiji la magari, na vijana wa miaka hiyo walisikilizia muziki kwenye redio za gari zenye spika ndogo. Basi kabla ya wimbo kutoka, Motown waliujaribu kwenye spika duni ya aina hiyo. Kama besi ilipotea pale, kazi ilikuwa haijaisha.

Inapoteaje? Kamba nene kuliko zote ya gitaa la besi, ikipigwa wazi, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu yako, yenye upana wa sarafu, haina nguvu ya kusukuma hewa kwa mwendo wa taratibu hivyo. Ukienda kwenye mipangilio ya simu ukapandisha kitelezi cha mwanzo cha ikwalaiza, unailazimisha ibebe mzigo usio wake, nayo inakwaruza. Lakini kamba haitoi sauti moja. Pamoja na ile ya 41 huzaliwa ya 82, ya 123, ya 164 na kuendelea juu. Zile za juu kidogo spika ndogo inaziweza, na sikio la binadamu likizisikia hujijazia lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Noti za Jamerson zilijaa sauti hizo za katikati, fupi na safi, na mafundi walihakikisha hazifunikwi na ngoma wala piano. Wimbo mwingine besi yake yote imelala chini kabisa, kwa hiyo kwenye simu hakuna cha kushika.

Tulijifunza hili kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza kazini tulipandisha besi kwenye kipindi chote ili sauti yetu iwe nzito na ya kupendeza. Ndani ya studio tulijisikia wakubwa. Jioni tulipita dukani tukakuta redio yetu inalia, na mwenye duka akatuuliza kama mtangazaji alikuwa anaongea ndani ya mtungi.

Mpiga besi anayetafuta sauti ya Jamerson kwa pedali leo hushusha vitelezi viwili vya juu kabisa, hupandisha kidogo cha 120, na vya katikati haviondoi. Husogea karibu. Kufika hasa hafiki, maana pedali haina kidole.

Sasa lile lililokuwa likimuuma. Kwenye jalada za sahani hizo waliandikwa waimbaji na watunzi, wapigaji hapana. Katika muziki wetu wa dansi mwimbaji humtaja mpiga gitaa katikati ya wimbo na watu wakamjua mpaka vijijini. Jamerson hakupata hata hilo. Jina lake lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye sahani kubwa ya Motown mwaka 1971, kwenye "What's Going On" ya Marvin Gaye. Husimuliwa kwamba usiku wa kurekodi wimbo wenye jina hilo Gaye alimfuata klabuni na kumkuta amelewa, hata kukaa kwenye kiti ikashindikana, akapiga akiwa amelala chali sakafuni. Usikilize, kisha utuambie kama utaona kosa.

Pombe ilikuwa imeshamshika. Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles, naye akafuata baadaye. Huko maprodyuza walitaka besi inayong'aa, kamba mpya, na kila noti iandikwe kabla. Alikataa kubadilisha kamba. Simu za kazi zikapungua mpaka zikakaribia kukauka. Mwaka 1983 Motown ilipofanya onyesho kubwa la kutimiza miaka 25, inaelezwa kwamba aliingia kwa tiketi aliyonunua, akakaa nyuma kama mtazamaji yeyote na kuwatazama aliowapigia.

Miezi michache baadaye Funk Machine iliibwa. Siku chache baada ya wizi huo, tarehe 2 Agosti 1983, Jamerson alifariki akiwa na miaka 47. Alirudishwa Detroit kuzikwa. Mwaka 1989 kilitoka kitabu juu ya maisha na upigaji wake, mwaka 2000 akaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock and roll kule Cleveland, na mwaka 2002 ikaja filamu ya Funk Brothers. Gitaa halijapatikana hadi leo.

Jumapili hii tutafungua na "Bernadette". Wenye simu, nendeni kwenye ikwalaiza mrudishe vitelezi vyote katikati kabla hatujaanza, na mkiweza, wekeni simu ndani ya bakuli au kikombe. Kisha mtuandikie mlichosikia.