Mwalimu Nyerere na ahadi nyingine ya Arusha

WATANZANIA wengi wanapolitaja jina la Arusha pamoja na la Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, hukumbuka Azimio la mwaka 1967. Ni wachache wanaokumbuka kuwa miaka sita kabla ya hapo, katika mji huohuo ulio chini ya Mlima Meru, alitoa ahadi nyingine: kuwalinda wanyamapori na makazi yao kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Ilikuwa Septemba 1961, kwenye mkutano wa kimataifa wa uhifadhi. Mwalimu, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika iliyobakiza miezi mitatu tu kupata uhuru. Tamko lake liliwahesabu wanyamapori kuwa sehemu ya maliasili na riziki ya taifa, likayaomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha.

Ahadi hiyo haikuwa nyepesi. Wameru walikuwa bado na kidonda cha mwaka 1951, walipohamishwa Ngare Nanyuki kwa nguvu ili kuwapisha walowezi, hata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mbele ya watu hao, kutenga ardhi halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, kazi ilianza. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 kufundisha wahifadhi wa Kiafrika. Mwaka 1967 Mlima Meru uliunganishwa na hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na leo eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hadi anang'atuka mwaka 1985, Ruaha, Tarangire na Kilimanjaro nazo zilikuwa hifadhi za taifa.

Katika nishati, serikali yake iliegemea nguvu ya maji. Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, kikafuatiwa na bwawa la Mtera. Lakini umeme huo ulinufaisha zaidi miji na viwanda; vijijini watu waliendelea kupikia kuni, na misitu ikalipa gharama.

Mwalimu alifariki dunia jijini London Oktoba 14, 1999. Leo bwawa la umeme la Mto Rufiji, lililofikiriwa tangu enzi zake na kuanza kuzalisha mwaka 2024, lina jina lake. Hifadhi ya taifa inayopakana nalo vilevile. Kuvipatanisha viwili hivyo ndilo deni alilotuachia.