MAREHEMU BIBI TITI MOHAMED

Marehemu Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule hakusoma sana, kama wengi wetu hapa Ole. Alikuwa muimbaji wa ngoma ya Bomba, watu wakimjua kwa sauti.

Mwaka 1955 akaingia TANU, akatakiwa awalete wanawake. Basi yeye akaanzia kwenye vikundi vya ngoma, nyumba kwa nyumba, mpaka uani kwa watu. Miezi michache tu, wanawake 5,000 wakakata kadi. Sisi tulioanza kikundi kwa kupiga hodi tunaijua kazi ile, mlango mmoja unarudi mara tatu na bado mume hajaridhia!

Baada ya uhuru akawa waziri mdogo, tena akaongoza UWT. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1969 alikamatwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akiwa jela akapewa talaka. Mwaka 1972 akasamehewa. Alitoka hana kitu, na rafiki wengi walimkimbia. Hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Dar es Salaam iko barabara kubwa yenye jina lake, na wengine wetu tumeipita kwa daladala tukienda Kariakoo kununua kanga.