Mpiga kinanda aliyenasa mwanga usioonekana

Hebu chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, kisha bonyeza. Kwa simu nyingi utaona kitaa kikiwaka, ilhali macho matupu hayaoni kitu. Huo ni mwanga wa infraredi, na aliyeugundua hakuanza maisha kama mwanasayansi. Alikuwa mwanamuziki.

William Herschel alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1738. Babake alikuwa katika bendi ya jeshi. Mwaka 1757 kijana akahamia Uingereza, na baadaye akapata riziki mjini Bath kwa kupiga kinanda kanisani na kufunza muziki. Darubini nzuri zilikuwa ghali, basi akaamua kujiundia. Alisugua vioo vya shaba na bati kwa saa nyingi mno, hadi dadake, Caroline, akawa anamlisha mikono ikiwa kazini.

Usiku wa Machi 13, 1781, akiwa bustanini kwake, aliona kitu alichodhani ni nyotamkia. Kumbe ni sayari mpya: Uranusi! Mfalme George wa Tatu akampa mshahara, naye akaacha muziki wa kutafutia unga.

Mwaka 1800, akiwa na miaka 61, alikuwa akitazama jua kupitia vioo vya rangi. Akashangaa kwamba vingine vinapitisha joto jingi na mwanga kidogo. Je, kila rangi ina joto lake? Alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, ukatawanyika kama upinde wa mvua, kisha akapima joto la rangi moja moja. Lilizidi kupanda kuelekea nyekundu. Akasogeza kipimajoto nje ya nyekundu, pasipo na rangi yoyote. Ungedhani lingeshuka, sivyo? Likapanda zaidi.

Herschel alifariki 1822. Mbinu yake ingali hai. Darubini ya UKIRT, iliyofunguliwa Hawaii mwaka 1979, ilijengwa kunasa mwanga huo, na vifaa vyake viliutawanya ili kutambua gesi zilizoko angani. Vifaa hivyo vilipozwa kwa baridi kali, maana chochote chenye joto hutoa infraredi, hata kifaa chenyewe.

Mbona wakajenga mlimani? Mvuke wa maji hewani huumeza mwanga huo. Mauna Kea ina mita 4,205. Mlima Elgon, jirani yenu wa Kitale na Bungoma, una 4,321. Urefu tunao, ila mawingu nayo ni mengi.

Lakini jaribio la Herschel halihitaji mlima. Prizimu na vipimajoto utavipata katika maabara ya shule. Na jua la Bungoma je? Hilo ni la bure.