Lord Delamere na Wanubi wa Kibera

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alipitia uafisa wa jeshi la akiba kule Cheshire, lakini roho yake ilikuwa kwa farasi na uwindaji. Simba alimjeruhi Somalia, akabaki akichechemea. Mwaka 1897 akaingia Kenya kwa msafara wa ngamia kutoka Berbera.

Mwaka 1903 alianguka farasi vibaya, akalazwa miezi. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99. Kondoo walikufa, ngano ikaliwa na kutu, akakopa, akapanda tena. Ujasiri huo hatumnyimi.

Lakini miaka ile ile askari Wanubi wa KAR, Waislamu wenzetu waliompigania Mwingereza, walionyeshwa msitu wa Kibera wakae, bila hati. Sisi Wapwani, tunaoitwa maskwota kwenye viambo vya babu zetu, twaijua hali hiyo.

Delamere alifariki 1931. Uhuru ulipokuja sanamu yake iliondolewa Nairobi. Shamba la Soysambu likabaki kwa ukoo wake. Wanubi walipewa hati 2017, ya ekari 288.