Vince Lombardi, kocha msaidizi

Vince Lombardi alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1913. Aliingia seminari ndogo akiwa na miaka 15, akatoka kabla ya kumaliza. Sisi tulio malezini huwahurumia wanaotoka. Huyu hakuhitaji huruma yetu.

Katika futiboli ya Kimarekani kila kundi la wachezaji lina kocha wake. Lombardi alikuwa amecheza mstari wa mbele katika Chuo Kikuu cha Fordham, pamoja na wale wanaowazuia wapinzani ili wenzao wakimbie na mpira. Mwaka 1949 chuo cha kijeshi cha West Point kilimpa kundi hilohilo alifundishe. Mwaka 1954 akahamia New York Giants, bado msaidizi, lakini sasa na ushambuliaji wote mikononi mwake: mrusha mpira, wakimbiaji, wadakaji. Wakongwe walimtilia shaka. Yeye akawafuata vyumbani mwao usiku kuwauliza. Mtu wa miaka 41, aliyewahi kufundisha Kilatini na fizikia, na tena mwenye hasira za karibu! Sisi tungeona aibu.

Mwaka 1956 Giants walitwaa ubingwa. Timu yake mwenyewe, Green Bay Packers, aliipata mwaka 1959, akachukua nayo ubingwa mara 5, huku akihudhuria Misa kila siku. Alifariki Septemba 1970 kwa saratani, akaagwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York.